Faini ya Mwenyekiti

Alasiri za katikati ya wiki, jua likishaanza kuinamia upande wa bara, chini ya miembe na mikorosho ya vijiji vya Kilifi, kuanzia Ganze hadi Magarini, hukaa duara za watu wa vikundi vya akiba. Wengi ni kina mama, leso zimekazwa, watoto wachanga mapajani. Katikati ya duara kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zimewekwa na watu watatu wasiolala nyumba moja, na wote watatu wasipofika hakuna anayeona hata noti. Kikao hakianzi kwa kusoma daftari, kinaanza kwa swali: wiki iliyopita tulifunga sanduku likiwa na shilingi ngapi? Jibu linatoka vinywani, na anayebabaika anatoa faini papo hapo, shilingi kumi au ishirini, wenzake wakimcheka naye akijicheka. Ndipo pesa zinamwagwa bakulini, zinahesabiwa mbele ya macho yote, na tarakimu mpya inatamkwa kwa sauti ili kila mmoja aende nayo nyumbani kichwani. Mjini Malindi au Kilifi, kwenye ukumbi wa hoteli, klabu ya Rotary nayo hugonga kengele kufungua mkutano wake. Kwa desturi ya klabu hizi popote duniani, kuna mwanachama aitwaye sajenti anayezunguka na kapu akiwatoza waliochelewa, waliosahau beji, hata yule ambaye picha yake ilitoka gazetini bila yeye kuwaarifu wenzake. Hapo pia hujaa kicheko. Vikao hivi viwili vimetengana kwa kipato kama mbingu na ardhi, lakini utaratibu wao ni mmoja.

Sisi waandishi, na wafadhili, na maofisa wa kaunti, huvipita vikao hivi haraka tukikimbilia cha kupigwa picha: kisima, madawati, hundi za karo, miche ya mikoko. Kikao huonekana ni maneno ya kupitisha wakati kabla ya kazi, na mzaha wake huonekana ni utoto wa watu wazima. Mimi naona mambo yako kinyume. Kikao cha kila wiki, pamoja na kelele zake na faini zake za kuchekesha, ndicho kazi kuu ya chama cha huduma, na kisima ni tunda lake. Watu wa pwani husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali langu ni kuhusu huko kuunda: kunafanyika saa ngapi, na kwa zana gani?

Tuanze na Rotary yenyewe, kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri. Tarehe 23 Februari 1905, jijini Chicago, mwanasheria Paul Harris alikaa na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Hawakuwa na mradi wowote. Harris alikuwa amelelewa katika mji mdogo wa Vermont na katika jiji kubwa alijiona mpweke. Alichotaka ni marafiki. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu na kesho ya yule, na kule kuzunguka ndiko kulikowapa jina. Mikutano ilipoanza kupoa, mpiga chapa mmoja, Harry Ruggles, alisimama akaanzisha wimbo, na kuimba kukawa desturi. Huduma ya umma ilikuja miaka miwili baadaye, mwaka 1907, nayo ilikuwa kuushinikiza mji ujenge vyoo vya umma. Wakae miaka miwili, waimbe, wazoeane, ndipo choo. Kenya ilipata klabu yake ya kwanza Nairobi mwaka 1930. Mwaka 1985 Rotary ilianza kampeni ya kuutokomeza ugonjwa wa polio, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena kirusi cha polio cha asili. Kazi hiyo ilibebwa na serikali, wahudumu wa afya na mashirika mengi, lakini miaka 35 ya kuchangisha bila kuchoka haitoki kwa watu wanaokutana siku ya harambee tu. Inatoka kwa watu waliozoea kuulizana kila wiki.

Pwani, hata hivyo, haikungoja Chicago. Mijikenda walikuwa na juma lao la siku nne, na jumwa ilikuwa siku ya kulaza jembe na watu kuonana. Walikuwa na mweria, kulima kwa zamu, leo shamba lako kesho langu, na nyimbo ndizo zilizoinua majembe. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipotaka kuwakusanya Wagiriama dhidi ya amri za Waingereza hakuanza na hotuba. Alicheza kifudu, ngoma ya msibani, kijiji hadi kijiji, na watu walipokwisha kufuatana na ngoma ndipo ukaja mkutano wa Kaya Fungo na kiapo. Mombasa nako, mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo, ameonyesha jinsi vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyokuwa na vyeo, mashindano na sare, na jinsi wanachama walivyosaidiana katika arusi na matanga. Ndani ya mashindano hayohayo walitoka wanawake walioanzisha vyama vya kujiendeleza katika miaka ya 1950. Aliyeutazama mji ule kwa nje aliona ngoma. Aliyekuwa ndani alijua kwamba ngoma ilikuwa inamfunza mtu kuongoza kikao, kutunza zamu na kushindwa bila kununa.

Msomaji mwenye shaka atasema hizi ni hadithi nzuri, lakini je, ni kikao kilichofanya kazi au ni shida iliyowasukuma watu? Swali hilo lilijibiwa kwa jaribio. Jijini Kolkata, India, watafiti Benjamin Feigenberg, Erica Field na Rohini Pande walichukua wakopaji wapya wa taasisi ya mikopo midogo na kuwagawa kwa bahati nasibu: vikundi vingine vikutane kila wiki, vingine mara moja kwa mwezi. Mkopo wa pili ulipofika, wote walikutana kwa ratiba moja. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalikuwa kwamba waliokuwa wameanza kwa kukutana kila wiki hawakushindwa kulipa mkopo wa pili kama wenzao: uwezekano wao wa kushindwa ulikuwa mdogo mara tatu. Karibu miaka miwili baadaye walikuwa bado wanatembeleana zaidi, na walikuwa tayari zaidi kubebana katika hasara. Sehemu inayonigusa ni kundi la ziada: lilikutana kila wiki lakini likalipa mara moja kwa mwezi. Nalo lilifanana na kundi la kila wiki. Kwa hiyo haikuwa nidhamu ya kulipa iliyowafunga pamoja. Ilikuwa kuonana.

Na hapa jirani, Zanzibar, kuna ushahidi wa namna nyingine. Mtindo wa akiba ambao leo hutumia sanduku lenye kufuli tatu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukafika Unguja, kuzunguka msitu wa Jozani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mradi ulipofungwa na magari yakaondoka, vikundi viliendelea na vipya vikazaliwa. Mwenye kuijua miradi ya pwani yetu, kituo cha maji kilichoota nyasi hapa, mashine ya kusaga iliyoliwa na kutu pale, ataelewa uzito wa neno hilo, viliendelea.

Sasa nirudi kwenye tarakimu ile inayotamkwa kwa sauti, kwa kuwa ndani yake mna sababu ya wiki. Mtu anaweza kukaa na shilingi 18,640 kichwani kwa siku saba. Akikaa nayo siku thelathini, imekwisha kuchanganyika na bei ya unga, nauli ya matatu na deni la dukani. Chama kinachokutana mara moja kwa mwezi hulazimika kuiacha kumbukumbu yake kwenye daftari, na daftari lina mwenyewe: katibu, aliyesoma, ambaye mara nyingi ndiye pia jamaa ya mwenyekiti. Chama cha kila wiki kinaweza kuigawa kumbukumbu kwa wote, aliyesoma na asiyesoma. Bibi wa miaka sabini asiyejua kuandika jina lake anakuwa mkaguzi wa hesabu, na ukaguzi wake haununuliki, maana ili kuuhonga ungepaswa kuwahonga wenzake wote pamoja naye.

Lakini kukumbuka hakutoshi. Lazima mtu athubutu kusema. Hapa ndipo mzaha unapofanya kazi ambayo kanuni haiwezi. Pwani tumelelewa kwa heshima, na heshima ina gharama yake: si rahisi kijana kumwambia mzee kwamba amekosa, wala mke kumuuliza wifi yake pesa zimekwenda wapi. Kanuni inaweza kumpa haki hiyo kwenye karatasi, na ulimi ukabaki mzito vilevile. Lakini mzee akichelewa robo saa, mtu yeyote wa duara anaweza kupaza sauti: mwenyekiti, faini! Watu wanacheka, mzee anajitetea kwa habari ya punda aliyemziba njia, wanacheka zaidi, anatoa shilingi zake ishirini. Ishirini hizo si kitu. Kilichotokea ni kwamba mdogo amemwajibisha mkubwa hadharani, mkubwa amekubali, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Likirudiwa mara hamsini kwa mwaka, siku sanduku likipungukiwa na elfu tano ulimi umekwisha fanya mazoezi. Waswahili walilijua jambo hili kabla ya sanduku na kabla ya sajenti wa Rotary. Waliliita utani, na mtani alipewa ruhusa ya kusema lisilosemeka hata mbele ya jeneza. Vyama hivi vimeuchukua utani wa kuzaliwa nao na kuufanya wa kila mwanachama.

Lipo jambo zito zaidi, nami sitalikwepa kwa kuwa limetokea kwetu. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa dhehebu lililowahimiza kufunga hadi kufa, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, na hesabu ya miili ikaja kupita 400. Wengi walikuwa wametoka kaunti za mbali, wamejitenga na ndugu zao. Sidai kwamba chama cha akiba kingeizuia balaa hiyo. Nasema tu kwamba mtu anayeitwa kwa jina kila wiki akikosa kuitika, wiki hiyohiyo mtu hutumwa kwake kubisha hodi. Hapo utaniambia: na wale nao walikuwa wakikusanyika, tena zaidi ya mara moja kwa wiki. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeng'ang'ania faini badala ya kusifu mikusanyiko yote kwa jumla. Mkusanyiko ambamo sauti ni moja na wengine wanaitikia tu ni kitu kingine kabisa. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: je, mkubwa wa hapa anaweza kuchekwa, akatoa faini, na kikao kikaendelea? Pasipo na hilo, kukutana mara kwa mara kunamwongezea nguvu mwenye nguvu.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la muda. Ganze au Bamba wakati wa kiangazi, maji yapo mbali, na mama anayekaa kikaoni saa mbili kila wiki ametoa zaidi ya saa mia moja kwa mwaka, saa ambazo mumewe hatozwi. Rotary wenyewe, wenye magari, walilegeza: mwaka 2016 baraza lao liliruhusu klabu zikutane mara mbili tu kwa mwezi. Siwezi kumwambia mama wa Ganze kwamba muda wake ni bure. Ila ukitazama kwa makini, kinachowachosha watu ni urefu wa kikao, na urefu mara nyingi huletwa na wageni: mhamasishaji mwenye somo lake, mgombea mwenye salamu zake, afisa anayengojwa hadi saa kumi. Kikao cha dakika arobaini siku ya gulio au siku ya kliniki ya watoto, njiani mama anakopita hata hivyo, ni mzigo tofauti na semina ya nusu siku. Kata dakika, usikate wiki. Na kuhusu Rotary, ruhusa ile haikuleta mafuriko ya wanachama. Idadi yao duniani imebaki palepale, karibu milioni 1.2. Hilo halithibitishi kitu peke yake, lakini linanifanya nishuku kwamba waliokuwa wakiondoka hawakufukuzwa na kalenda.

Kizazi kipya kitaniuliza kwa nini tusumbuke na mwembe wakati kuna simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 pesa hazina haja ya bakuli, na kundi la WhatsApp linakutana saa ishirini na nne. Pesa kwenye simu nazikubali bila ubishi. Haziibwi usiku sanduku likivunjwa, na taarifa ya miamala haisahau. Ninalolikataa ni kundi la WhatsApp kukaa mahali pa kikao. Huko, mweka hazina akiulizwa swali gumu hunyamaza, na unyamavu wake unafunikwa mara moja na salamu za asubuhi, tangazo la msiba na picha ya maua. Chini ya mwembe, anayenyamaza anaonekana. Jasho lake linaonekana. Na pia anaonekana mama aliyekonda wiki hii, aliyefunga kilemba tofauti kuficha jicho lililovimba, asiyeweza kuandika habari zake kwenye kundi lenye shemeji zake watatu. Mfuko wa jamii, ule mchango mdogo wa dharura ambao vikundi vingi huutenga mbali na akiba, hufunguliwa mara nyingi kwa sababu mtu fulani alimtazama mwenzake usoni.

Kuna pia lawama ya kubagua, nayo ni ya haki. Fukara kabisa hayumo kwenye duara, kwa kuwa hana hata hisa moja ya kununua; na klabu ya hotelini ina chakula cha bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi ataifikiria mara mbili. Rotary iliwafungia wanawake mlango hadi mwaka 1989, na hata hapo iliufungua baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987. Furaha ya ndani inaweza kuwa ukuta kwa aliye nje. Lelemama nayo iliumiza nyumba nyingi kwa gharama za kushindana. Dawa ya ubaguzi huo naiona katika jina lenyewe la Rotary. Hao watu wanne wa Chicago walizunguka. Hakuna aliyewaambia waanzilishi kwamba ukumbi ni lazima uwe na viyoyozi. Malindi ni mji ambako Mgiriama, Mbajuni, Mhindi na Mwitaliano wanaweza kupishana mtaa mmoja miaka ishirini bila kukaa meza moja. Klabu ya mjini ikihamishia kikao chake kimoja kila mwezi uani mwa shule ya Ganda au Goshi, kwa mahamri na mbaazi badala ya chakula cha hoteli, na kikundi cha kijijini kikaalikwa mjini kuonyesha jinsi kinavyohesabu sanduku lake, nina hakika watakaofundishwa zaidi ni wenye beji.

Serikali nayo ina la kufanya, na safari hii si kutoa pesa. Julai 2024 Rais William Ruto aliwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki michango ya harambee, na wengi walilalamika kwamba vikundi vya mashinani vitakufa. Kikundi kinachokufa mheshimiwa asipokuja kilikuwa kikikutana na mheshimiwa, hakikuwa kikikutana na wenyewe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 imevipa vikundi hivi msingi wa kisheria ambao havikuwa nao, na ni jambo jema. Lakini cheti huvutia pia vikundi vya karatasi, vinavyozaliwa mfuko wa mikopo unapotangazwa na kutoweka pesa zikishagawanywa, vikiwa na katiba iliyonakiliwa, orodha ya majina na muhtasari wa kikao uliochapwa vizuri. Muhtasari ni rahisi kuutunga usiku mmoja. Kuna daftari moja lisilotungika kirahisi, lenye madoa ya chai na mwandiko wa mikono mingi: daftari la faini. Afisa wa maendeleo ya jamii anayefika kukagua kikundi, Magarini au Rabai, aombe hilo kwanza, kabla ya katiba. Asome tarehe, aone kama zinafuatana wiki kwa wiki. Kisha atafute jina la mwenyekiti, na kama mwaka mzima umepita bila jina hilo kuandikwa hata mara moja, aulize funguo tatu za sanduku ziko kwa nani.